Petroli au dizeli kwa anayejitengenezea gari nyumbani: kisa cha Hilux mbili

Kisa hiki ni cha familia moja ya wakulima wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Majina, kijiji, namba za magari na gereji zilizohusika vimeondolewa. Gharama zimeandikwa kwa lita za mafuta badala ya shilingi, kwa sababu bei kikomo za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hubadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na anayesoma mwakani hatanufaika na shilingi za leo. Lita ya petroli na lita ya dizeli zimehesabiwa kuwa na thamani moja.

Mazingira

Familia inalima viazi mviringo na parachichi kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi. Asubuhi za Juni na Julai baridi hushuka hadi nyuzi 5. Kutoka nyumbani hadi lami ni kilomita 9 za udongo mwekundu. Gari lilikuwa na kazi mbili kubwa: shule na soko karibu kila siku, kilomita 18 kwenda na kurudi, kisha mara mbili kwa mwezi mjini na mzigo wa viazi, kilomita 240 kwenda na kurudi. Ukiongeza hospitali, misiba na mashamba ya ndugu, mwaka ulikuwa ukiisha na kilomita 14,000.

Kwa miaka 14 kazi hiyo ilifanywa na Hilux kuukuu yenye injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8 isiyo na turbo. Kijana mkubwa wa familia alijifunzia ufundi kwenye gari hilo na kwenye trekta. Alikuwa anaweza kufunga mkanda wa taimingi, kutoa hewa kwenye mfumo wa mafuta, na kufungua nozeli, yaani virushio vya dizeli ndani ya silinda, na kuzipeleka kupimwa. Uani kulikuwa na boksi la spana, toki renchi, multimita na jeki mbili. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari haikuwapo. Gereji ya karibu yenye mtambo wa kupimia nozeli za kisasa ilikuwa mjini, kilomita 120.

Chesisi ya 3L ilipooza kwa kutu, yakabaki magari mawili ya kuchagua, yote Hilux za kebini mbili za umbo lililotoka kati ya 2005 na 2015. Moja ilikuwa dizeli ya lita 3.0 yenye turbo na komoni reli, yaani bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote, injini 1KD-FTV. Nyingine petroli ya lita 2.7, injini 2TR-FE. Umri wao ulikaribiana, ila dizeli ilizidi bei kwa thamani ya lita 2,300. Walitafuta pia 3L au 5L nyingine. Zilizopatikana chesisi zake zilikuwa zimeliwa kutu kuliko ile waliyotaka kuiacha.

Uamuzi wa kwanza: dizeli

Sababu ziliandikwa kwenye daftari la gari, na hilo ndilo limewezesha kisa hiki kuchambuliwa. Dizeli hudumu. Dizeli hula kidogo. Kijana anaijua dizeli. Tena pipa la dizeli la trekta lipo nyumbani tayari.

Ukaguzi kabla ya kununua ulikuwa kuwasha, kusikiliza, kutazama moshi, kuendesha dakika 20 na kuchomoa dipstiki. Injini ilikuwa imeshapashwa moto na muuzaji. Hakuna aliyefungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, wala aliyeuliza washa za nozeli, zile pete za shaba zinazoziba zinapokaa, zilibadilishwa lini.

Yaliyotokea

Miezi 7 ya kwanza gari lilikwenda wastani wa kilomita 10.2 kwa lita, likapanda milima na mzigo bila kulalamika. Mwezi wa 8 ulikuwa Juni. Asubuhi lilianza kugoma kuwaka, likiwaka linatoa moshi mweupe na kugonga hadi lipate moto. Taa ya njano ya filta ya dizeli ikaanza kuwaka na kuzima. "Baba, ile taa imewaka tena," kijana alisema siku ya soko. Jibu lilikuwa kwamba wataangalia jioni. Jioni hiyo ilikuja baada ya wiki mbili.

Alipolegeza kizibo cha chini ya filta na kukinga kwa chupa ya jamu, picha ilikuwa wazi kuliko maelezo yoyote. Chini kulikuwa na vidole viwili vya maji. Juu yake dizeli. Mahali vinapokutana kulikuwa na utando wa kahawia unaovutika kama ute wa bamia. Hao ni vijidudu wanaoishi kwenye maji na kula dizeli. Maji hayo hayakutoka kituoni. Yalitoka kwenye pipa la nyumbani, ambalo lilikuwa likikaa nusu tupu usiku wa baridi. Hewa ya ndani hutoa umande ukutani mwa pipa, umande unateremka chini ya dizeli, na mpira wa kunyonyea ulikuwa unagusa sakafu ya pipa.

Alibadilisha filta, akapampu kwa mkono hadi pampu ikawa ngumu, gari likawaka. Taa ilizima, lakini injini ikabaki inamisi, yaani silinda moja haiungui sawasawa. Hapo akafanya alichofundishwa na 3L: injini ikiwa inaunguruma, alilegeza nati ya bomba la nozeli ya silinda ya 3 ili asikie kama mlio utabadilika. Kwenye 3L dizeli hudondoka tu. Kwenye gari hili ulitoka ukungu mkali uliopiga boneti. Mkono haukuwa kwenye njia yake.

*Tahadhari.* Kwenye komoni reli usilegeze bomba injini ikiwa inawaka. Mfumo huu unaweza kufika bar 1,600. Tairi la pikapu lina bar 2 na kidogo. Mchirizi wa presha hiyo hupenya ngozi na glavu. Tundu lake laweza kuonekana kama la sindano, lakini ni dharura ya upasuaji siku hiyohiyo, hata kama haliumi.

Mwezi wa 10 gari lilipimwa mjini kwa kompyuta. Masahihisho ya mafuta kwa kila silinda, injini ikiwa mwendo wa chini, yalionyesha silinda ya 3 ina +4.6. Kikomo wanachotumia mafundi kwa injini hii ni 3, juu au chini. Yaani kompyuta ilikuwa inaongeza mafuta kufidia nozeli isiyorusha sawasawa. Bei ya seti ya nozeli nne mpya ilikuwa sawa na lita 1,000. Familia ikanunua mbili za mtumba kwa lita 180, kijana akazifunga mwenyewe kwa washa zilezile za shaba, bila kuingiza misimbo ya nozeli kwenye kompyuta.

Mwezi wa 13 oili ilikuwa nyeusi tititi kilomita 1,500 tu baada ya kumwagwa. Kichwani mwa injini kulisikika mpumuo mdogo, kama pampu ya baiskeli inayovuja. Wakati wa kuteremka kutoka mjini, taa nyekundu ya oili ilimeta injini ikiwa mwendo wa chini. Kijana alizima palepale, akakataa kuwasha tena hata kwa "kujikongoja hadi pale mbele", akaagiza gari livutwe.

Tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, ilipotolewa, shina la nozeli zilizofungwa upya lilikuwa limezungukwa na kaboni ngumu inayong'aa kama lami iliyoganda. Sampu, bakuli la oili chini ya injini, iliposhushwa, wavu wa kunyonyea oili ulikuwa umezibwa zaidi ya nusu na vipande vya kaboni hiyohiyo. Beringi za konrodi zilikuwa zimeanza kuchubuka. Krenkishafti, mhimili mkuu wa injini, ilipona.

Uamuzi wa pili

Walitengeneza gari kikamilifu: nozeli nne mpya zilizoingizwa misimbo, washa mpya, mabomba ya presha mapya, beringi, na oili lita 7 mara mbili ili ya kwanza isafishe. Kazi ilimeza lita 1,900. Kisha wakaliuza kwa mfanyabiashara anayekwenda kilomita 45,000 kwa mwaka kwenye lami na mwenye gereji yake ya kudumu mjini. Alionyeshwa daftari lote, pamoja na ukurasa wa wavu ulioziba.

Safari hii swali la daftarini halikuwa petroli au dizeli. Lilikuwa: kazi ipi tunaweza kuimaliza uani kwa siku moja kwa vifaa tulivyonavyo? Kwa orodha hiyo petroli ya lita 2.7 ilishinda mbali. Ina cheni ya taimingi badala ya mkanda. Reli yake ya mafuta ina presha ya karibu bar 3. Kila plagi ina koili yake juu, inayoshikwa na bolti moja ya namba 10.

Ukaguzi nao ulibadilika. Waliomba gari lilale bila kuwashwa. Asubuhi cheni iligugumia kwa muda usiozidi sekunde moja, ikanyamaza. Plagi zote zilitolewa na mgandamizo ukapimwa kwa geji, pedeli ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho: bar 10.2, 10.3, 10.0 na 10.2. Kitabu kinataka zaidi ya 12, lakini hicho ni kipimo cha pwani. Kwenye mita 1,900 hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano. Kinachotazamwa zaidi ni silinda zisipishane zaidi ya bar 1.

Matokeo ya miezi 30

Hilux ya petroli ilikwenda kilomita 35,000 kwa wastani wa kilomita 7.6 kwa lita. Matengenezo yasiyo ya servisi ya kawaida yalikuwa matatu.

Mwezi wa 4, kumisi kwenye mlima na taa ya injini kupepesa. Kijana alikuwa ameshanunua kifaa kidogo cha bluetooth kinachosomwa kwa simu. Kilitoa P0302, yaani silinda ya 2. Alihamisha koili ya 2 kwenda 4, akaendesha kidogo, msimbo ukawa P0304. Tatizo lilifuata koili, kwa hiyo ni koili. Dakika 25, bila kubahatisha. Njia hii ni salama kuliko kuchomoa koili moja moja injini ikiwaka, ambako petroli isiyoungua huingia kwenye katalisti, kisafisha moshi cha ekzosi, na kuiunguza.

Mwezi wa 17 gari lilizima sokoni na halikuwaka. Ukigeuza ufunguo, mvumo mfupi wa pampu kwenye tangi haukusikika. Relei, swichi ya umeme ya pampu, ilibadilishwa na nyingine inayofanana nayo: kimya. Multimita ilionyesha volti 12 zinafika kwenye soketi ya pampu. Basi pampu imekufa. Chanzo kilikuwa tabia: kutembea tangi likiwa karibu tupu. Pampu hiyo hupozwa na petroli inayoizunguka, ikikaa mkavu hujipika. Kushusha tangi kulichukua nusu siku. Kazi hii ndiyo hatari kubwa ya petroli uani: presha imalizwe kwa kuchomoa relei ya pampu na kuacha injini ijizimie, kisha betri ikatwe, tangi liwe karibu tupu, na jiko la mkaa la mama liwe mbali, si upande wa pili wa ukuta.

Mwezi wa 22 pampu ya maji ilianza kutoa machozi. Alama ilikuwa chumvi ya waridi chini ya puli, wiki kadhaa kabla ya tone kuonekana. Ilibadilishwa kabla gari halijachemsha.

Matatu hayo yaligharimu lita 260 na siku 3 za gari kulala. Dizeli, kwa miezi 15 na kilomita 17,500, iligharimu lita 2,230 ukijumlisha kuvutwa na vipimo, na ililala siku 41.

Upande wa pili wa hesabu nao usemwe. Kwa kilomita zile 35,000, petroli ilikunywa lita 1,170 zaidi ya ambazo dizeli ingekunywa. Na mlima imeuhisi. Dizeli ile ilikuwa na nguvu ya kuzungusha ya Nm 343 tangu chini, petroli takriban Nm 240, tena kwenye mzunguko wa juu, na bila turbo mwinuko unaipunguzia karibu asilimia 1 kwa kila mita 100. Mzigo ulishushwa kutoka kilo 800 hadi 700, na kona mbili za mlima hupandwa kwa gia ya pili.

Uchambuzi

*Neno moja, mashine mbili.* Kosa la mwanzo lilikuwa kwenye neno "dizeli". Sifa ya dizeli kutokufa ilijengwa na injini kama 2L, 3L na 1HZ: pampu ya mitambo, nozeli zinazofunguka kwa bar mia moja na ushee, na waya mmoja tu wa solenoidi ya kukata mafuta. Ukiipa solenoidi volti 12, injini inakwenda. Injini ya komoni reli inafanana nazo kwa mafuta na kwa kuungua bila plagi. Kwa fundi wa nyumbani, mfumo wake wa mafuta uko mbali na 3L kuliko petroli ilivyo mbali na 3L. Kijana hakupungukiwa ufundi. Ujuzi wake ulikuwa wa mashine nyingine, na sehemu moja ya ujuzi huo, ya kulegeza nati, nusura imkate mkono.

*Maji.* Nozeli za mitambo husamehe maji kidogo. Hukwaruzika, hukohoa, zikasafishwa. Za komoni reli zina vali zenye uwazi wa maikroni chache na hupakwa mafuta na dizeli yenyewe. Maji hayapaki. Mafuta ya taa nayo hupaka vibaya, ndiyo maana uchakachuaji uliumiza injini hizi sana kabla ya EWURA kuanza kuweka vinasaba, alama ya kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010. Taa ya filta kwenye gari la namna hii maana yake ni kusimama na kumwaga maji siku hiyo. Wiki mbili za kuahirisha ndizo ghali kuliko zote katika kisa hiki.

*Washa ya shaba.* Nozeli ya 1KD hukaa chini ya tapeti kava, na washa yake huzuia moto wa silinda usipande. Shaba ikishabanwa mara moja hufinyika na kuwa ngumu. Haizibi mara ya pili. Ikivuja, gesi haitoki nje ya gari ambako ungeiona. Inaingia kwenye oili, inapika kaboni, kaboni inaanguka hadi sampu na kuziba wavu. Ndiyo sababu ya oili kuwa nyeusi haraka na mpumuo kwenye kifuniko. Washa nne ni bei ya lita chache, na walizirudisha zilezile. Kosa hili ni la familia, si la muundo wa gari, ingawa injini hizi zinajulikana kuvuja hapo hata bila kuguswa. Ukinunua 1KD isiyo na kumbukumbu, hesabu washa mpya na ukaguzi wa wavu kama sehemu ya bei.

*Nozeli za mtumba* zisizopimwa kwenye mtambo hazikuwa akiba. Kila nozeli hutoka kiwandani na msimbo wa jinsi inavyorusha. Bila kuuingiza, kompyuta huendesha nozeli mpya kwa tabia ya ile ya zamani.

*Kilichookoa injini* ni kuzima gari taa nyekundu ilipometa. Dakika 5 zaidi zingekula krenkishafti, na hapo hesabu ingekuwa ya injini nzima.

*Dizeli ilifaa nani?* Yule aliyeinunua. Kilomita 45,000 kwa mwaka humwokoa lita 1,500 hivi kila mwaka, injini yake hupata moto kila safari, hujaza kwenye kituo chenye mauzo makubwa, na mtambo wa nozeli uko karibu naye. Familia hii kwa kilomita 14,000 ingeokoa lita 470 kwa mwaka. Dizeli iliyotunzwa vema ingewalipa polepole. Kosa moja kwenye pipa lilifuta miaka minne ya akiba hiyo.

*Kwa anayeagiza Japani.* Prado ya dizeli iliacha kuuzwa huko mwaka 2007 ikarudi 2015. Ya kabla ya hapo ni 1KD ya umri mkubwa. Ya baadaye, 1GD-FTV, ina kichujio cha masizi na hutumia urea, kimiminika cha kusafishia moshi, si mbolea. Urea ikiisha na ukazima, gari halitawaka tena. Safari za kilomita 9 hazikipi kichujio hicho joto la kujiunguzia masizi. Uliza urea inapatikana wapi karibu nawe kabla ya kulipa.

Pipa bado lipo, kwa ajili ya trekta. Sasa limelazwa kwenye kibao chenye mteremko, upande wa nyuma ukiwa chini kwa sentimita 5, na bomba la kutolea liko upande wa juu, sentimita 10 kutoka sakafu ya pipa. Likijazwa huachwa siku nzima bila kuguswa. Kila Jumamosi kizibo cha nyuma hulegezwa juu ya ileile chupa ya jamu, hadi itoke dizeli tupu.